Vince Lombardi: timu ikichapwa, alaumiwe kwotabeki au ukuta?

Kuna ubishi mmoja hauishi kwa watu wanaofuatilia futiboli ya Kimarekani, ule mpira wa umbo la yai, wa kuvaa helmeti na mabega ya bandia. Timu ikichemsha, nani alaumiwe? Kwotabeki, au ukuta ulio mbele yake? Kila msimu lazima iwepo timu inayochapwa mfululizo. Mashabiki wanamzomea kwotabeki, na wengine wanajibu mwacheni jamaa, hakuna anayemlinda. Leo nawaletea maisha ya mtu aliyeishi katikati kabisa ya ubishi huo. Alicheza ukutani, akafundisha ukuta, halafu akakabidhiwa timu iliyoshika mkia wa ligi nzima, yenye kwotabeki aliyeonekana kimeo. Anaitwa Vince Lombardi. Alifariki 1970, na kombe la Super Bowl linaloinuliwa kila mwaka lina jina lake.

Kwa wale ambao mchezo huu ni mgeni kwao, naeleza kidogo tu. Kwotabeki ndiye anayepewa mpira kila shambulizi linapoanza. Yeye ndiye anayerusha pasi, anayempa mkimbiaji, au anayekimbia mwenyewe. Picha za magazeti ni zake, mkwanja mnene ni wake, na lawama ni zake. Mbele yake wanasimama majitu 5: senta mmoja katikati, gadi mmoja kila upande wake, na takli mmoja kila mwisho. Hao ndio ukuta. Kwa kawaida sheria haiwaruhusu kupokea pasi. Kazi yao ni kusukumana na adui ili yule wa nyuma apate sekunde 2 au 3 za kufikiri, au mkimbiaji apate pa kupita. Mtangazaji huwataja wakifanya madhambi, basi. Ni kama straika anayezomewa uwanja mzima wakati viungo hawajamletea hata mpira mmoja wa maana.

Lombardi alizaliwa tarehe 11 Juni 1913 Brooklyn, New York, mtoto wa kwanza kati ya 5 katika familia ya Waitaliano. Baba yake, Harry, alikuwa na biashara ya nyama. Nyumba ilikuwa ya Kikatoliki haswa, na kijana alianza kusomea upadri, akakaa seminari miaka kadhaa kabla ya kuacha. Mwaka 1933 akaingia Chuo Kikuu cha Fordham, hapo hapo New York, na ndipo alipowekwa kwenye nafasi ya gadi.

Sasa mwili wenyewe wa gadi hakuwa nao. Urefu kama sentimita 173, uzito kilo 80 na ushee. Hata kwa miaka ile huyo ni kiduchu kwa kazi ya kusukumana. Lakini ule ukuta wa Fordham wa 1936, watu 7 kwa hesabu ya enzi hizo, ulipewa jina la Matofali Saba ya Matale, na yeye alikuwa mmoja wao. Fordham na Pittsburgh walitoka 0-0 miaka 3 mfululizo, 1935 hadi 1937, na Lombardi alicheza 2 kati ya hizo. Katika mojawapo alipasuliwa mdomo ndani, meno yakang'oka, akatolewa nje. Baadaye akarudishwa kuzuia pale karibu kabisa na mstari wao, na wakazuia.

Naitaja hiyo kwa sababu ndiyo shule yake. Mechi ya 0-0 hakuna kwotabeki anayeikumbuka, ila aliyekuwa ukutani anaijua kila sentimita.

Baada ya chuo alihangaika kama vijana wengi. Alijaribu sheria, akaacha. Mwaka 1939 akapata kazi katika sekondari ya St. Cecilia, Englewood, New Jersey, akifundisha Kilatini, kemia na fizikia huku akiwa kocha msaidizi wa timu. Mshahara ulikuwa wa kubangaiza. Mwaka 1940 akamuoa Marie Planitz. Alikaa pale miaka 8, na tangu 1942 alikuwa kocha mkuu. Waliofundishwa naye walisema alifundisha mpira vile vile alivyofundisha kemia, anarudia na kurudia mpaka yule wa mwisho darasani aelewe.

Akarudi Fordham kidogo, kisha 1949 akaenda chuo cha jeshi cha West Point kufundisha ukuta chini ya kocha Red Blaik. Hapo alijifunza kukaa gizani na filamu za mechi, kurudisha nyuma, kupeleka mbele, kuangalia mguu wa kila mchezaji umekanyaga wapi. Kumbukeni hili la filamu, maana ndilo litakalotusaidia mbele. Mwaka 1954 akaajiriwa na New York Giants kusimamia ushambuliaji. Giants walikuwa wametoka kushinda mechi 3 tu na kupoteza 9 msimu wa 1953. Mwaka 1956 walikuwa mabingwa, wakaibamiza Chicago Bears 47-7 kwenye fainali. Aliyesimamia ulinzi pale alikuwa Tom Landry. Huyo tutakutana naye tena kwenye barafu.

Na sasa tuje Green Bay.

Green Bay ni mji mdogo jimbo la Wisconsin, miaka ile ulikuwa na watu kama 60,000 hivi. Timu yao, Packers, ni mali ya wananchi wenye hisa, haina tajiri mmoja anayeimiliki. Msimu wa 1958 ilikuwa aibu tupu. Mechi 12: walishinda 1, wakatoka sare 1, wakapoteza 10. Siku moja walipigwa na Baltimore Colts 56-0. Kwotabeki mmojawapo alikuwa kijana mpole kutoka Alabama anaitwa Bart Starr, aliyechaguliwa 1956 kwenye raundi ya 17, mtu wa 200 kwa hesabu. Yaani alichukuliwa kama unavyochukua nyanya ya mwisho kwenye fungu. Mwaka huo wa 1958 alirusha pasi 3 za tachidauni, na pasi zake 12 zikadakwa na adui.

Weka takwimu hizo mbele ya shabiki yeyote, jibu ni moja: fukuza kwotabeki.

Lombardi alipewa timu mwanzoni mwa 1959, kocha na meneja mkuu kwa pamoja, akiwa na miaka 45, na hakuwahi kuwa kocha mkuu wa timu ya kulipwa. Jambo la kwanza alilofanya ni lile la West Point, alifunga mlango akaangalia filamu. Alichokiona kinashangaza mpaka leo. Ile timu ya mkiani ilikuwa imejaa watu. Jerry Kramer, gadi. Forrest Gregg, takli. Jim Ringo, senta, mwembamba kwa kazi yake lakini mwepesi ile mbaya. Wakimbiaji Paul Hornung na Jim Taylor. Wote hao walikuwepo wakati wanachapwa 56-0! Aliyewakusanya alikuwa mtafuta vipaji wa klabu, Jack Vainisi, mtu ambaye hatajwi sana na alifariki 1960 kabla hajaona ubingwa hata mmoja.

Kwa hiyo ukuta ulikuwepo? Matofali yalikuwepo. Ukuta haukuwepo. Kila mtu alisukuma kivyake. Lombardi akaongeza Fuzzy Thurston kutoka Baltimore akawa gadi wa kushoto, akamweka Kramer kulia, halafu akawafundisha shambulizi moja tu mpaka wakalichukia.

Shambulizi lenyewe liko hivi. Mpira unapoanza, gadi wote wawili hawamsukumi aliye mbele yao. Wanarudi nyuma hatua moja, wanageuka, wanakimbia pembeni wakitangulia mbele ya mkimbiaji kama pikipiki za msafara. Senta inabidi azibe pengo lililoachwa, na hapo ndipo wepesi wa Ringo ulipokuwa dhahabu. Yule wa mwisho pembeni anamsukuma adui kokote anakotaka kwenda, nje au ndani, na mkimbiaji anapita upande ulio wazi. Adui wote walijua linakuja. Hawakuweza kulizuia. John Madden, ambaye baadaye alikuwa kocha wa Raiders, alikuwa akisimulia kwamba aliwahi kukaa kwenye semina ya makocha ambapo Lombardi alizungumzia shambulizi hilo moja kwa saa 8. Saa nane za kitu kimoja, jamani, na kwotabeki kazi yake pale ni kumkabidhi mtu mpira na kukaa pembeni.

Sasa hapa msinielewe vibaya, maana ushahidi wa upande wa pili upo na nauweka mezani. Lombardi mwenyewe hakumwamini Starr mwanzoni. Alimleta Lamar McHan, na McHan ndiye aliyeanza msimu wa 1959. Packers wakashinda mechi 3 za kwanza, kisha wakapoteza 5 mfululizo. Mwishoni Starr akapewa nafasi, na mechi 4 za mwisho wakashinda zote. Ukuta ulikuwa ule ule. Walimaliza wameshinda 7 na kupoteza 5, msimu wao wa kwanza wa faida tangu 1947. Mwaka 1960 mambo yakarudi, Starr akapoteza mechi ya kwanza, akasugua benchi tena, McHan akaingia, Starr akarudishwa katikati ya msimu. Safari hii hakutoka. Kwa hiyo anayesema kwotabeki hana maana, ajibu hapo.

Lakini yule Starr wa 1960 hakuwa yule wa 1958. Alikuwa amekaa vikao na Lombardi, wanaangalia filamu pamoja, anafundishwa kusoma ulinzi wa adui unavyojipanga na kujua pengo litafunguka wapi kabla halijafunguka. Na kuna kisa Starr mwenyewe alikisimulia mara nyingi. Lombardi alimfokea mazoezini mbele ya wenzake kwa pasi iliyodakwa. Kijana mpole akamfuata ofisini, akamweleza kwa adabu kwamba hawezi kuwaongoza watu waliomwona akivuliwa nguo hadharani. Kama ana la kumwambia, amwambie wakiwa wawili. Lombardi, mtu ambaye kelele zake zilisikika uwanja mzima, alikubali. Tangu siku ile hakumfokea tena mbele ya watu. Mimi naona hapo ndipo Packers walipompata kwotabeki, na hakununuliwa kokote.

Fainali ya 1960 walifungwa na Philadelphia Eagles 17-13, Taylor akakamatwa yadi chache kutoka mstarini muda ukiisha. Baada ya hapo Lombardi hakupoteza tena mechi ya mtoano maisha yake yote. Mwaka 1961 bingwa, Giants wakala 37-0. Mwaka 1962 bingwa tena.

Na huo msimu wa 1962 ndio unaonipa mimi jibu. Packers walicheza mechi 14, wakashinda 13. Hiyo moja waliyopoteza ilikuwa Detroit, tarehe 22 Novemba, Sikukuu ya Shukrani, nchi nzima iko mbele ya televisheni. Detroit Lions walikuwa na majabali kama Roger Brown na Alex Karras, na siku hiyo walimwangusha Starr akiwa na mpira mkononi mara 11. Kumi na moja! Wakaongoza 26-0, mechi ikaisha 26-14. Starr hakusahau kurusha pasi usiku mmoja. Alikuwa ni yule yule aliyeshinda mechi zote za kabla, na mwisho wa mwaka akachukua ubingwa. Kilichobadilika siku ile ni kwamba ule ukuta bora kuliko wote duniani ulitobolewa, na kwotabeki bora akaonekana kama wa raundi ya 17.

Kuna 1964 pia, na huo ni mwaka wenye utata mtamu. Ringo alikuwa ameuzwa Philadelphia. (Ipo hadithi kwamba alikuja na wakala kuomba nyongeza, Lombardi akatoka nje dakika 5 akarudi akisema ameshauzwa. Ni tamu lakini wengi waliofuatilia wanaitilia shaka, msiibebe kama ilivyo.) Kramer naye aliugua tumbo, akapasuliwa mara kadhaa, akakosa karibu msimu wote, madaktari walikuja kukuta vipande vya mti vilivyobaki mwilini tangu ajali ya ujanani. Senta hayupo, gadi hayupo, Gregg anahamishwa kuziba. Packers wakashinda 8, wakapoteza 5, sare 1. Starr mwaka huo alirusha pasi 15 za tachidauni, na 4 tu zilidakwa. Kwotabeki yuko sawa, timu imeyumba.

Ushindi kwa wa ukuta? Ngoja kwanza. Mwaka huo huo Hornung, aliyekuwa pia mpiga mateke ya goli, alipiga 38 akapata 12 tu. Na mechi 2 walipoteza kwa pointi moja moja, 21-20 kwa Colts na 24-23 kwa Minnesota Vikings. Ubishi wetu wa kwotabeki na ukuta una kasoro hiyo, unasahau kwamba kuna watu wengine uwanjani.

Wakarudi. Ubingwa 1965, 1966 na 1967, na juu yake Super Bowl 2 za mwanzo kabisa: Kansas City Chiefs 35-10 Januari 1967, Oakland Raiders 33-14 Januari 1968. Msimu wa 1966 Starr alikuwa mchezaji bora wa ligi, pasi 14 za tachidauni na 3 tu kudakwa. Linganisha na zile 3 na 12 za 1958.

Lakini mechi ambayo wazee wa kule wataisimulia mpaka mwisho ni ya tarehe 31 Desemba 1967, Green Bay, dhidi ya Dallas Cowboys wa Tom Landry. Baridi nyuzi 25 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Lombardi alikuwa amenunua mitambo ya kupasha joto ardhi ya uwanja, siku hiyo ikagoma, uwanja ukawa kioo. Starr aliangushwa mara 8. Dakika 5 kasoro kidogo zimebaki, Dallas wanaongoza 17-14, na Packers wako yadi 68 kutoka mstari wa ushindi. Wakasogea kidogo kidogo mpaka ikabaki kama nusu mita. Wakajaribu mkimbiaji mara 2, akateleza. Zimebaki sekunde 16, hakuna tena ruhusa ya kusimamisha saa. Wakishindwa kupita, saa inaweza kuwaishia hapo hapo.

Starr akaenda kwa Lombardi akamweleza kwamba wakimbiaji hawana pa kukanyaga, lakini yeye yuko karibu, anaweza kujipenyeza mwenyewe. Lombardi akakubali. Wenzake hawakuambiwa kwamba mpira atabaki nao. Kramer na senta Ken Bowman wakamvaa Jethro Pugh wa Dallas, wakamsukuma nyuma, Starr akaanguka nyuma ya migongo yao. 21-17. Televisheni ikairudia na kuirudia ile picha, na kwa mara moja Marekani nzima ikawa inamwangalia gadi.

Mtu mwenyewe hakuwa malaika. Kazi ilimmeza, na mkewe Marie na watoto wao 2 walilipa gharama ya hizo filamu za usiku. Wachezaji walimwogopa. Ila katika miaka ya ubaguzi ule hakuvumilia tusi la rangi kwenye timu yake, na wenye baa na mikahawa ya Green Bay walijulishwa kwamba mahali ambapo mchezaji mweusi hahudumiwi, timu nzima haitakanyaga.

Aliacha ukocha mwanzoni mwa 1968, akabaki meneja. Msimu huo Packers walishinda 6, wakapoteza 7, sare 1. Mwaka 1969 akaenda Washington, timu ambayo haikuwa imepata msimu wa faida tangu 1955. Akashinda 7, akapoteza 5, sare 2, na kwotabeki wake Sonny Jurgensen akaongoza ligi kwa yadi za pasi. Pale kulikuwa na mkimbiaji mgeni, Larry Brown, ambaye kila shambulizi alikuwa anachelewa kuondoka. Wengi wangesema mzembe. Lombardi akaangalia filamu, akagundua jamaa hasikii vizuri sikio moja, akaagiza kifaa cha kusikia kiwekwe kwenye helmeti yake.

Saratani ya utumbo ilimwahi. Alifariki Washington tarehe 3 Septemba 1970, akiwa na miaka 57, msimu wa pili haujaanza. Ibada ya mazishi ilifanyika katika kanisa kuu la St. Patrick, New York, akazikwa New Jersey. Mwaka ule ule kombe likapewa jina lake, na 1971 akaingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa mchezo huo.

Starr aliingia humo 1977, pamoja na Gregg. Ringo 1981. Jerry Kramer, yule aliyefungua njia kwenye barafu, alisubiri mpaka 2018. Alikuwa na miaka 82.